Chai ya Wageni wa Maabara

Chai ya matanga haina maziwa. Mtu wa huku ziwani analijua hilo tangu utotoni: ukifika kwa watu ukapewa turungi katika kikombe cha plastiki na kipande cha mkate, huna haja ya kuuliza kilichotokea. Ndivyo tulivyopewa mwezi uliopita kule Pap Onditi, tulipokwenda kumzika Mwalimu Ogutu, aliyetufundisha kemia. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, kwenye kiti cha kukodi kilichokuwa kikizama upande mmoja, wakati mama mmoja mwenye mvi alipokuja kuketi karibu nami. Alikiinua kikombe chake, akakitazama kwenye mwanga kama daktari anayekagua chupa ya mkojo, kisha akasema bila hata kunisalimu, "Elisha, hii ndiyo tuliyohitaji siku ile." Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Rosa, tuliyesoma naye kemia. Nikacheka, naye akacheka, hata mhubiri akageuka kututazama. Mzee wa umri wangu kucheka matangani si jambo la kusifiwa. Lakini nilimjua marehemu, na naamini kama angekuwa amekaa pale nasi, yeye ndiye angecheka kwanza.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilipokuwa kidato cha nne. Shule yetu ilikuwa ya harambee, pembezoni mwa Kisumu, karibu na maji kiasi kwamba upepo ukigeuka darasa zima lilinuka samaki. Maabara ilikuwa chumba cha mwisho, wazazi walikijenga wakaishiwa pesa kabla ya kukipiga lipu. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi, waliingia madirishani wakafia ndani ya chupa zetu, na kazi ya kwanza ya kila somo la kemia ilikuwa kuosha wadudu. Tuliosoma kemia tulikuwa wachache sana. Mapema mwaka ule mwalimu mkuu alituambia wazi kwamba bodi ya shule ilikuwa imechoka na chumba kile. Siku ya wazazi wangekuja kukiona, na wasipoona kitu cha maana, kingegeuzwa ghala la saruji na mahindi, na kemia ingeondolewa. Kwangu mimi hilo halikuwa msiba. Kemia ilikuwa somo kama masomo mengine, na ningeweza kuchukua kilimo. Lakini Rosa alikuwa ameamua kuwa mfamasia, na hakukuwa na mlango mwingine wa kuingilia huko. Nakumbuka alivyotoka darasani siku ile, akasimama mlangoni pa maabara akiwa ameutia mkono wake kwenye fremu, kama mtu anayezuia gari lisirudi nyuma.

Nilikuwa nimepanga chumba Obunga, nyuma ya nyumba ya Mama Perez, mjane aliyekuwa akikaanga samaki na kuwauza kando ya barabara. Chumba kilikuwa cha mabati, na kati yangu na jirani yangu palikuwa na bati moja tu, hivyo nilijua nani amegombana na nani na kwa nini, na nikitaka kusoma nilijiziba masikio kwa vidole na kugeuza kurasa kwa kiwiko. Jioni Mama Perez alinipa chakula kwa sababu nilimchotea maji. Ilikuwa ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, au mboga chungu za kienyeji alizozipika kwa magadi mpaka zikalainika na uchungu ukatulia. Alikuwa akitia kipande cha magadi kwenye chungu bila kupima, akionja kwa ncha ya ulimi, na siku alipozidisha mboga ziliteleza mdomoni kama sabuni naye akasema tule tu, tumbo litaoga. Alikuwa na sheria nyingi kuhusu chakula, na kubwa kuliko zote ilihusu wageni. Mgeni hapewi turungi. Turungi ilikuwa ya wafiwa na ya watu waliokosa, na yeye hakuwa amekosa. Maziwa yakiisha alikuwa radhi kukimbia kwa jirani na kikombe nyuma ya mgongo kuliko kumwekea mtu chai nyekundu mezani. Nilimsikia akiisema sheria hiyo mara nyingi. Ningekuwa mtu wa kusikiliza, kumbukumbu hizi zingekuwa fupi.

Mwalimu Ogutu ndiye aliyechagua chai. Angependa kuonyesha kwinini, kwa kuwa hakuna mzazi ziwani asiyejua homa ya malaria, lakini hakuwa na gome la kuitoa humo, na majani ya chai yalikuwapo dukani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye suti moja ya kahawia iliyoungua mikono kwa asidi, na alifundisha akitembea. Alituambia kwamba mimea mingi michungu ina vitu viitwavyo alkaloidi, na kwamba kwinini, nikotini na kafeini ya chai ni watu wa ukoo huo mmoja. Kisha akasimama mbele yetu akatuambia maneno ambayo hata leo naweza kuyasema bila kukosea. "Alkaloidi ni mzee mwenye nyumba mbili. Nyumba moja ni maji, nyingine ni mafuta, au klorofomu, au kitu chochote kisichopatana na maji. Mtie asidi, analala kwa maji. Mtie besi, maji yanamfungia mlango, anahamia kwa mke wa pili. Mkemia ni nani? Ni yule anayejua mzee atalala wapi leo." Darasa lilipasuka kwa kicheko, maana kila mmoja wetu alikuwa na babu au mjomba wa namna hiyo. Rosa peke yake hakucheka. Aliuliza kama kafeini nayo inafukuzwa hivyohivyo. Mwalimu akafurahi sana kwa swali hilo. Akasema hapana, kafeini ni mpole, haina haja ya kusukumwa sana, klorofomu inaipokea kwa mikono miwili. Kazi kubwa ya besi katika chai ni kuwashika wale wanaoifuata, zile tanini zinazokausha ulimi. Besi inazigeuza kuwa chumvi, zinabaki ndani ya maji, na kafeini inakwenda peke yake.

Besi ya maabara ilikuwa imekwisha. Mwalimu akauliza nani kwao wanapikia mboga magadi, na mikono yote ikapanda. Kumbe lile jiwe la sokoni lilikuwa ndilo lilelile, kaboneti ya sodiamu na uchafu kidogo, na nakumbuka raha niliyoipata kugundua kwamba Mama Perez alikuwa akifanya kemia kila jioni mbele ya macho yangu. Klorofomu ilikuwa chupa moja tu, iliyofungwa kabatini, na haikutosha kwa majaribio mawili. Kwa hiyo tulifanya mazoezi kwa mafuta ya taa. Tulikuwa na chupa ya kutenganishia, ile yenye umbo la pea na bomba dogo chini, tukaijaza turungi na mafuta ya taa, na kujifunza kuichanganya. Hapo ndipo mikono yangu ilipoonekana kuwa mibaya. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba ya kusuka maziwa katika kibuyu, na kila nilipopewa kitu chenye maji ndani, mikono ilianza ule mdundo wenyewe. Nikatikisa. Vitu viwili vikashikana vikawa uji mweupe uliokataa kuachana mpaka kengele ya kwenda nyumbani. "Wewe Elisha, hii si kibuyu," Rosa akaniambia. "Ya nini kutafuta siagi?" Akanionyesha kuigeuza chupa polepole, juu chini, juu chini, kama unamlaza mtoto wa mtu mwingine, kisha kulifungua bomba ili pumzi itoke. Wiki nzima wenzetu waliniita Siagi. Mpaka leo kuna mzee mmoja pale Obunga anayeniita hivyo mbele ya wajukuu zangu.

Siku ya wazazi ilipofika, kazi niliyopewa ilikuwa ndogo kuliko zote. Jiko la maabara lilikuwa dogo, lisingebeba sufuria kubwa, kwa hiyo nilitakiwa kuchemsha majani ya chai nyumbani, pakiti nzima kubwa, maji machache, yachemke sana, kisha niyapeleke shuleni yakiwa moto. Nilimwomba Mama Perez sufuria yake kubwa, nikaiweka kwenye meko yake, na aliponiuliza chai yote hiyo ni ya nini, nilimjibu kwa kifupi kwamba ni ya wageni wa bodi wanaokuja maabara. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuoga na kupiga pasi shati. Sikumwambia kwamba hawataionja. Sikumwambia neno kafeini, kwa sababu nilidhani hataelewa, na hapo ndipo nilipokosea zaidi, maana mwanamke aliyejua magadi kwa ncha ya ulimi angeelewa kabla sijamaliza sentensi. Niliporudi nikakuta sufuria imefunikwa, imefungwa kwa kanga mpya, na Mama Perez amesimama karibu nayo na uso wa mtu aliyemaliza kazi ya heshima. Akaniambia niwasalimie wakubwa. Nikamshukuru, nikaifunga sufuria kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaisukuma taratibu hadi shuleni. Njiani nilisikia harufu ya tangawizi. Nilidhani inatoka kwa watu.

Wageni walikuwa wameshaketi. Walikuwa wazee wanne wa bodi, wake zao, mwalimu mkuu, na wazazi waliosimama hadi nje ya madirisha. Meza ya wageni ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake sahani za samaki, ngege wa kukaanga, na bakuli la malimau yaliyokatwa, maana baada ya maonyesho wangekula. Mwalimu Ogutu alitoa hotuba yake ya mzee mwenye nyumba mbili, na mwenyekiti wa bodi, ambaye kweli alikuwa na nyumba mbili, alicheka mpaka akatoa kitambaa mfukoni. Kisha Mwalimu akanipa ishara. Nikafungua kanga, nikainua kifuniko, na mvuke ulipopita sote tukaona chai nzito, ya rangi ya udongo mwekundu uliopata mvua, imekolea maziwa, tangawizi na sukari. Kulikuwa na utando wa malai juu. Mwenyekiti akavuta pumzi kwa pua, akasema, "Eh, hawa watoto wamelelewa."

Nilimtazama Mwalimu, naye alikuwa anaitazama sufuria kama mtu anayetazama mtumbwi wake ukiondoka bila yeye. Majani yote yalikuwa mle ndani. Klorofomu ikikutana na mafuta na protini ya maziwa, tungepata uji ule wa siku ya mafuta ya taa mara kumi, na chupa ya pili haikuwapo. Mwalimu mkuu alikwishaanza kutafuta vikombe. Nilisikia Mwalimu akisema kwa sauti ya chini kwamba pengine tuwape tu wanywe, tuombe siku nyingine. Siku nyingine haikuwapo, na sote watatu tulijua. Ndipo Rosa alipopita mbele yangu akaenda moja kwa moja kwenye meza ya wageni. Aliinama kwa adabu mbele ya mwenyekiti, akasema, "Baba, naomba malimau yenu," na kabla hajajibiwa alikuwa ameshachukua bakuli.

Mwalimu alimwelewa kabla yangu. Uso wake ulibadilika, ukawa wa kijana. Rosa akakamua limau moja baada ya jingine ndani ya sufuria, na mimi nikakoroga, na chai ikaanza kugawanyika mbele ya macho ya watu, kwanza punje ndogo, kisha mabonge, kama maziwa ya kibuyu kilichosahauliwa. Akina mama madirishani wakasikitika kwa sauti, na mmoja akauliza hawa watoto wamerogwa na nani, chai nzuri hivyo. Mwalimu akawageukia, mikono juu, akawaeleza kwamba asidi ya limau imekamata maziwa, na maziwa yanapoganda yanakumbatia mafuta, lakini mzee wetu kafeini yuko wapi? Asidi imempeleka wapi? Kutoka nje sauti ya mzazi mmoja ikajibu, "Kwa maji!" Sasa tulihitaji kitu cha kuchujia, na hapo Mwalimu alifanya jambo ambalo lilimfanya mwalimu mkuu afumbe macho. Aliinua sahani za samaki moja moja, akawapa wazee wazishike magotini, akavuta kitambaa cheupe cha meza. Tulichuja chai ya bodi kwa kitambaa cha bodi. Mabonge yakabaki juu, na chini ikatiririka chai ya kahawia, karibu nyangavu, chungu na chachu.

Tulipotia magadi yaliyosagwa, limau lililobaki lilikutana nayo na sufuria nzima ikachemka kwa povu bila moto. Watoto wakapiga makofi. Povu lilipotulia Mwalimu aliongeza magadi mpaka karatasi nyekundu ya litimasi ikageuka buluu, akaipitisha kwa wageni mkono kwa mkono kama picha ya mtoto. Chai ilipopoa, Rosa akanikabidhi chupa ya kutenganishia, chai na klorofomu zikiwa ndani. Kazi hiyo ilikuwa yake, tulikwishapanga hivyo, na nilimwambia hapana. Akaniambia kwa sauti ya kusikika na mimi tu, "Elisha, polepole. Huyu ni mtoto wa Rosa." Nikaigeuza juu chini, juu chini, huku jasho likinitiririka mgongoni, nikafungua bomba pumzi ikatoka, nikageuza tena. Kisha nikaiweka kwenye kishikio, na watu wote waliokuwa mle ndani, pamoja na wazee walioshika samaki magotini, wakainama kutazama. Klorofomu ilikusanyika chini, tabaka tulivu lenye rangi ya majani makavu, na juu yake maji meusi. Mstari ulikuwa mwembamba na safi. Sijawahi kuona mstari mzuri kama ule, na nimeona mistari mingi, kwa kuwa maisha yangu yote ya kazi niliyamaliza ghalani kwenye kiwanda cha sukari, nikichora mistari ya madaftari.

Mwalimu aliivukiza klorofomu dirishani, baada ya kuwasogeza watu mbali, kwa maji ya moto. Kilichobaki kilikuwa doa la manjano lenye kunata, na nakumbuka mzee mmoja akinong'ona kwamba yote haya ni kwa ajili ya doa. Mwalimu alilipasha moto taratibu chini ya kioo kilichowekwa maji baridi juu yake, na baada ya muda upande wa chini wa kile kioo ukaanza kuota sindano nyeupe, nyembamba kama unywele wa mzee, zikiingiliana na kung'aa. Kafeini ilikuwa imeruka kutoka kwenye uchafu wake ikashika kioo. Aliizungusha kila mtu aione. Ilinukia tangawizi kwa mbali. Mwenyekiti aliisogeza karibu na jicho, akauliza kama hii ndiyo inayomkosesha usingizi akinywa chai jioni, akaambiwa ndiyo, akaitazama tena kwa heshima, kama anayetambulishwa kwa mtu aliyekuwa akimsikia tu. Kisha akamgeukia Rosa, akamwuliza anataka kuwa nani. Rosa akasema mfamasia. Mwenyekiti akamwambia mwalimu mkuu kwamba saruji inaweza kulala nje.

Wakati huo tu Mama Perez aliingia, amevaa nguo ya kanisani, na birika la chai kichwani, maana alikuwa amefikiri pengine sufuria moja haitatosha. Akaangalia meza isiyo na kitambaa, wazee na sahani zao magotini, mabonge ya maziwa ndani ya kitambaa. Akaniuliza mbele ya bodi nzima kama wageni walipata chai yake. Mwalimu Ogutu akainua kile kioo chenye sindano nyeupe, akamwinamia, akamwambia, "Mama, chai yako imetuokoa. Njoo uone imekuwa nini." Akamweleza yote, kuanzia limau hadi magadi, bila kuficha, na Mama Perez akasikiliza akitikisa kichwa. Mwalimu alipofika kwenye magadi, Mama alimkatiza akasema kwamba tuliweka mengi mno, povu la namna hiyo lingesikika hata kutoka langoni. Kisha akamimina chai ya birika lake, tukanywa sote na samaki wasio na limau. Nimekula mara nyingi tangu siku ile, harusini na kwenye hoteli za watu wakubwa, na bado naihesabu hiyo kuwa karamu bora ya maisha yangu.

Wengi huniuliza kwa nini sikuendelea. Nilipata nafasi ya kidato cha tano nikaiacha, kiwanda kilikuwa kinaajiri na nilitaka viatu. Hakuna aliyenizuia, hakuna aliyenidanganya. Na kuhusu Mwalimu sina udhuru pia. Nilipita Pap Onditi mara nyingi, nikaona njia ya kwake, nikajiambia nitaingia nikiwa na kitu cha kumwonyesha. Sasa najua hakuwa akisubiri kuonyeshwa kitu. Rosa ndiye aliyeniambia, pale chini ya turubai, kwamba mzee alikuwa akiuliza juu ya Siagi kila alipokwenda kumsalimia.

Wiki iliyopita Rosa aliniita kwake Migosi. Amestaafu sasa, baada ya miaka ya kuchanganya dawa katika hospitali za huku na huku, na nyumba yake ina rafu ya chupa tupu ambazo hataki kuzitupa. Aliniambia kwamba maabara yetu bado ipo, imepigwa lipu hatimaye, na walimu wanataka kuipa jina la Mwalimu siku ya wazazi ijayo. Watu wawili wanatakiwa kuonyesha lile jaribio la chai. Nikamwambia mikono yangu inatetemeka siku hizi. Akasema hilo ni jema, angalau haitasuka tena. Kisha akaenda jikoni, nikamsikia akifungua bomba, akiwasha gesi. Nilimwita nikamwambia daktari amenikataza maziwa na sukari, anipe turungi tu, haina shida. "Elisha," akasema, "turungi utaipika mwenyewe siku ya wazazi, na nitafungua kifuniko mimi." Akarudi na vikombe viwili, vyote vyeupe kwa maziwa, na tangawizi ikanifikia kabla yake.